Kukausha majani ya chai na viungo Nairobi: kamba, wavu, sanduku la jua, mashine ya stima au oveni?

Nanaa iliyopandwa kwenye ndoo kuukuu ya rangi hufika mahali ikataka kukatwa yote kwa mpigo mmoja, na chai ya nyumba moja haiwezi kuimaliza mbichi. Mchaichai ni hivyo hivyo, na rosemari iliyogeuka ua wa ploti, na rehani, na thabai, ule mmea unaowasha, kwa wanaoipanda. Anayetaka kuyakausha ana njia tano mbele yake, na kila njia ina watu wanaoiapia. Hapa tunazipima kwa vigezo vilevile, kwa hali ya hewa ya Nairobi na viunga vyake, na kwa mavuno ya nyumbani: kuanzia fungu moja hadi kilo tano hivi kwa mara moja.

Vigezo tunavyopimia

Jani bichi la nanaa ni maji kwa asilimia 80 hadi 85. Likikauka sawasawa hubaki na maji kama asilimia 10. Kilo 1 mbichi, basi, hukuachia gramu 170 hadi 220 hivi. Zilizobaki zote ni maji yanayotafuta njia ya kutoka. Rosemari haina maji mengi hivyo, na kilo 1 yake hukaribia gramu 350.

Kigezo cha kwanza ni kasi. Maji yakikawia, kuvu huwahi kabla yako. Cha pili ni joto. Harufu ya jani ni mafuta mepesi yanayoruka na hewa, na majani laini kama nanaa na rehani hukaa salama kati ya nyuzi 35 na 40. Ukipita 45, nyumba nzima itanukia vizuri ajabu, na harufu hiyo ndiyo itakayokosekana kikombeni. Cha tatu ni mwanga, kwa sababu jua kali huichubua rangi ya kijani. Halafu kuna pesa, nafasi, vumbi, na kiasi cha kusimamia kazi yenyewe.

Lakini kigezo ambacho wengi hukiruka ni ukavu wa hewa, na hapo ndipo Nairobi inapowachezea watu. Hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 80 haikaushi chochote kwa haraka. Ipashe hadi nyuzi 38 bila kuiongeza maji, na unyevu wake unashuka hadi karibu asilimia 28. Ndiyo sababu njia ileile inayofanya vizuri Januari inakuangusha Aprili, na pengine Julai, mawingu yakishatanda wiki mbili mfululizo. Na hata ndani ya siku moja, hewa ya alfajiri huwa na unyevu mwingi na ya alasiri huwa kavu. Jani lililoachwa nje usiku hurudisha sehemu ya maji uliyoyatoa mchana.

Njia yoyote utakayochukua, mwanzo ni mmoja. Vuna asubuhi umande ukishakauka na kabla jua halijawaka, na nanaa na rehani uzikate kabla hazijatoa maua. Ondoa majani yenye madoa na yaliyoliwa na wadudu. Ukiosha, kung'uta na utandaze juu ya kitambaa hadi pasionekane tone. Maji ya kuoshea yaliyobaki kwenye kunyanzi huongeza siku nzima. Mchaichai ukate vipande vya sentimita 1 hadi 2 ukiwa mbichi, kwa maana ukikauka unakuwa kama kamba ya katani na mikasi yako itakulaumu. Usichanganye aina mbili katika kikaushio kimoja, la sivyo nanaa itanukia rosemari.

1. Kuning'iniza kivulini

*Inavyofanywa.* Funga matawi 5 hadi 8, si zaidi, kwa ule mpira wa kufungia noti. Uzi haufai: shina hunywea likikauka, uzi unalegea na fungu linaanguka, ilhali mpira unajikaza wenyewe. Ning'iniza kichwa chini, mafungu yaachane kwa upana wa kiganja, mahali penye giza kiasi na hewa inayopita. Juu ya jiko si mahali pake, hata kama ukuta huo una msumari tayari: mvuke wa sufuria na mafuta ya kukaangia hushika kwenye majani.

*Muda.* Siku 7 hadi 14 kwa rosemari na thaimu wakati wa kiangazi. Mvua za Machi hadi Mei zinaweza kufikisha wiki tatu.

*Harufu na rangi.* Kwa rosemari, nzuri kabisa. Majani yake ni magumu, mafuta yamejificha, na kukaa siku kumi hakuyasumbui. Nanaa huwa ya wastani. Rehani huwa nyeusi mara nyingi. Ni jani linalojeruhiwa upesi, na kadiri linavyokawia kufa ndivyo linavyozidi kuwa kahawia.

*Gharama.* Karibu bure.

*Panapoharibika.* Katikati ya fungu. Nje panaonekana pamekauka, lakini ukilifungua unakuta majani ya ndani yameshikana, yana harufu ya nguo zilizoanikwa ndani siku ya mvua. Punguza matawi. Vumbi nalo si dogo: roshani inayotazama Jogoo Road au barabara ya murram hailindi kitu. Funika fungu kwa mfuko wa karatasi uliotobolewa matundu kumi hivi, usifunike kwa nailoni.

*Inamfaa* mwenye rosemari, thaimu au oregano, asiye na haraka.

2. Trei za wavu ndani ya nyumba, pamoja na feni

*Inavyofanywa.* Fremu ya mbao ya sentimita 60 kwa 80, juu yake neti ya mbu mpya ya plastiki iliyokazwa kwa stepo. Tandaza majani yaliyochambuliwa, tabaka moja. Kwa nanaa ni kama nusu kilo kwa trei ya ukubwa huo. Pandisha trei juu ya matofali ili hewa ipite chini pia, ziachane sentimita 10. Feni iwekwe ielekee ukutani au pembeni ya trei. Ukiielekeza moja kwa moja, majani ya upande wake hukauka na kuruka chumbani kabla ya yale ya upande wa pili kunyauka. Geuza mara mbili kwa siku.

*Muda.* Siku 3 hadi 5 hewa ikiwa kavu, 6 hadi 9 ikiwa na unyevu.

*Harufu na rangi.* Kwa nanaa na mchaichai tunaona hii ndiyo inayolipa zaidi kwa pesa ndogo. Hakuna joto la kuiba harufu wala jua la kuchubua rangi.

*Gharama.* Mbao, neti na saa chache za fundi. Feni ndogo ya wati 40 ikizunguka saa 24 hula karibu yuniti 1.

*Panapoharibika.* Kwenye tamaa. Trei inaonekana ina nafasi, unaongeza mkono mmoja, tabaka linakuwa mawili, na chini kunabaki laini. Tena feni huitembeza hewa tu, haiikaushi. Chumba kikiwa kimefungwa na nguo mbichi zimening'inia humo humo, unaizungusha hewa ileile yenye maji. Fungua dirisha kuanzia saa tano asubuhi hadi saa kumi jioni, kisha ulifunge.

*Inamfaa* mpangaji mwenye chumba kimoja au viwili, anayevuna kidogo kidogo.

3. Sanduku la jua

Kwanza tuondoe mkanganyiko. Kuanika juu ya gunia kwenye rufu si njia hii. Pilipili na maharagwe huvumilia hivyo. Majani hupauka, hupata vumbi na moshi wa jirani, na ndege hufanya yao.

*Inavyofanywa.* Sanduku la mbao la sentimita 120 kwa 60, lenye miguu ya sentimita 70, sakafu ya bati lililopakwa rangi nyeusi isiyong'aa, na juu nailoni ya grinhausi ya maikroni 200 iliyolazwa mteremko wa nyuzi 15 ili mvua isitue. Upande wa chini acha mwanya wa sentimita 5 kwa urefu wote, upande wa juu mwanya wa sentimita 7, yote miwili ifungwe kwa neti. Hewa inaingia chini, inapashwa na bati, inapanda ikipita kwenye trei, inatokea juu na maji yake. Mwanya wa juu ukiwa mdogo, mvuke unaganda ndani ya nailoni na kudondokea majani. Umejenga bafu ya mvuke. Kwa majani weka kitambaa cheusi chepesi kati ya nailoni na trei, mwanga usiyapige. Simamisha miguu kwenye mikebe ya maji, siafu wasipande.

Kuna jambo wajenzi wengi hulisahau. Nairobi iko karibu sana na ikweta, kwa hiyo jua la Juni hukaa kaskazini na la Desemba kusini. Sanduku lililojengewa mahali pamoja litafanya kazi vizuri nusu ya mwaka tu. Liwe la kubebeka na watu wawili, uligeuze.

*Muda.* Siku 1 hadi 2 mnamo Januari na Februari. Julai ni siku 3 hadi 4, na kuna wiki ambazo halimalizi kabisa.

*Harufu na rangi.* Inategemea nani analitazama. Saa saba mchana wa Februari ndani panaweza kupita nyuzi 55, na nanaa haitaki habari hiyo. Weka kipimajoto cha jikoni kwenye trei ya katikati. Kikipita 42, fungua mwanya wa juu zaidi au ongeza kitambaa cha kivuli. Mchaichai na thabai huvumilia zaidi kidogo.

*Gharama.* Ya mwanzo ni ya kati, na mafundi wa Kamukunji wanaweza kukata na kukunja bati siku hiyo hiyo. Baada ya hapo jua halidai. Nailoni ndiyo itakayohitaji kubadilishwa ikianza kuwa na rangi ya maziwa.

*Panapoharibika.* Jioni. Jua likizama, sanduku hupoa kuliko hewa ya nje na umande hushika ndani. Trei ziingie nyumbani saa kumi na moja unusu, zirudi nje saa tatu asubuhi.

*Inamfaa* mwenye ua au rufu isiyo na moshi, mwenye kilo mbili kwenda juu, na mtu wa kushinda nyumbani. Kitengela na Athi River, ambako hewa ni kavu, linafanya vizuri kuliko Limuru.

4. Mashine ya kukaushia ya stima

*Inavyofanywa.* Trei tano au sita, feni na waya wa joto. Weka nyuzi 38, tandaza tabaka moja, wacha tundu la katikati wazi ikiwa ni ya mviringo. Zile za mviringo zenye feni chini hukausha trei ya chini upesi zaidi, kwa hiyo zungusha trei kila baada ya saa mbili. Zenye feni mgongoni hazidai hivyo, ila bei ni ya juu.

*Muda.* Mchaichai saa 6 hadi 8, nanaa saa 6 hadi 10, rosemari saa 8 hadi 12, rehani saa 10 hadi 16.

*Harufu na rangi.* Hapa rehani hubaki kijani, na hakuna njia nyingine kati ya hizi tano inayoiweka hivyo kwa uhakika. Kwa rosemari tofauti na kamba ni ndogo kiasi kwamba huwezi kuhalalisha bei.

*Gharama.* Mashine ya wati 350 ikiwaka saa 8 bila kupumzika hula yuniti 2.8. Lakini kwa kuwa kirekebisha joto hukata na kuwasha, halisi huwa chini ya hapo. Piga hesabu kwa bei ya yuniti iliyo kwenye risiti yako ya tokeni, kisha ugawe kwa gramu 150 za majani makavu unazotoa. Hesabu hiyo huwashtua watu.

*Panapoharibika.* Mashine za bei nafuu zisizo na namba za joto, kitufe cha kuwasha tu. Nyingi hukimbia hadi 60 au 70, zilizokusudiwa nyama na matunda. Pima kwa kipimajoto kabla ya kuiamini. Stima ikikatika katikati, fungua mfuniko mara moja. Majani yenye joto yaliyofungiwa na mvuke wake huiva.

*Inamfaa* mwenye rehani nyingi, anayevuna Aprili au Julai, au anayetaka kila pakiti ifanane na nyingine.

5. Oveni, na maikrowevu kwa ufupi

*Inavyofanywa.* Oveni ya stima yenye feni, kwa joto la chini kabisa, mlango umezuiwa na mwiko uachie upenyo wa sentimita 5. Majani yawe juu ya wavu, si juu ya sinia.

*Muda.* Saa 1 hadi 4.

*Harufu na rangi.* Dhaifu. Oveni nyingi haziwezi kutulia chini ya nyuzi 50, na za gesi nyingi haziteremki hata 100. Kuna kikwazo kingine: kila kilo ya gesi ikiungua hutoa zaidi ya kilo 1.5 za mvuke wa maji, kwa hiyo unakausha ndani ya hewa unayoilowesha.

*Gharama.* Kifaa unacho, nishati unaipoteza kupitia mlango ulio wazi.

*Panapoharibika.* Dakika kumi za kusahau na una majivu. Gesi ikiwaka saa nyingi jikoni, madirisha yawe wazi. Hili si la mjadala.

*Inamfaa* kumalizia majani yaliyokwisha kukauka kwa robo tatu, au dharura. Maikrowevu ni ya kiganja kimoja cha rosemari au parsley kati ya karatasi mbili za jikoni, dakika 1, kisha vipindi vya sekunde 20. Yakibaki makavu humo yanashika moto.

Kujua kama limekauka kweli

Hapa ndipo mavuno mengi hupotea, na njia zote tano ziko sawa mbele ya kosa hili. Chukua tawi la nanaa. Jani likisagika kati ya vidole, watu husema tayari. Sasa kunja shina lake. Likipinda bila kukatika, bado lina maji, na maji hayo yatahamia kwenye majani ukishafunga mfuniko. Baada ya siku tatu jani lililokuwa kavu kau linakuwa kama ngozi. Shina likatike kwa mlio. Kama huna subira na shina, chambua majani na uyatupe mashina kwenye mboji.

Mizani ya jikoni haidanganyi. Ulianza na gramu 500 za nanaa? Ukisoma 150, bado. Simama kati ya 85 na 110.

Kisha jaza chupa ya kioo theluthi mbili, uweke ndani kipima unyevu kidogo cha dijitali, ufunge kwa saa 24. Ikisoma chini ya asilimia 60, uko salama. Sisi hupendelea 50 hadi 55. Ikipita 60, majani yarudi kwenye kikaushio siku hiyo hiyo. Bila kipima, tazama kioo asubuhi: jasho lolote ndani ni jibu. Tikisa kila siku kwa wiki moja, kisha ufiche kabatini, majani yakiwa mazima. Yasage siku ya kuyatumia.

Kuvu ikionekana, hata kwenye kona moja, mimina chupa nzima. Usichague. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu, ile aflatoksini, yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha chai.

Uchague ipi kwa hali yako

Una rosemari na thaimu tu: kamba inatosha karibu mwaka mzima. Usinunue kitu.

Unaishi ghorofani Pipeline au Umoja, dirisha moja, nanaa kwenye ndoo mbili: trei na feni, uvune nusu kilo kwa mara. Mvua ikikazana, iache nanaa kwenye ndoo. Inachipuka tena, haikimbii.

Una ua Rongai au Kitengela na kilo tatu za mchaichai: sanduku la jua kuanzia Desemba mwisho hadi Machi mwanzo, na trei za ndani miezi iliyobaki.

Uko Limuru au Kikuyu na ukungu wa Julai: ning'iniza siku mbili maji ya kwanza yaondoke bure, kisha umalizie kwenye mashine kwa saa 3 au 4. Mchanganyiko huu hupunguza tokeni sana, na hata wenye mashine mahali pengine wangeufikiria.

Una rehani nyingi na huna mashine: usikaushe. Isage na mafuta ya kupikia, uigandishe kwenye trei za barafu. Itakuwa na ladha kuliko yoyote ya kamba.

Unataka kuuza: sanduku na mashine kwa pamoja, moja lifanye kazi kubwa na nyingine isawazishe unyevu, kila fungu lipimwe kabla ya kupakiwa. Alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, ianze kushughulikiwa kabla ya kuchapisha lebo.

Na kama ni majirani wanne au chama chenye bustani ndogo ndogo, mashine moja nzuri ya feni ya mgongoni, ikizunguka nyumba hadi nyumba kwa zamu, ina maana zaidi kuliko nne za bei nafuu. Kubalianeni mapema nani anaosha trei.